Kabla Hujafichua, Tazama Kifuniko

Kichwa cha habari hakina huruma na neno refu. Safu mbili, herufi kubwa, picha ya waziri kushoto, na wewe umebakiwa na nafasi ya maneno manne. Hapo "adhihirisha" hutupwa bila mjadala, "abainisha" hujaribiwa kidogo, halafu "afichua" hupita kwa sababu ni fupi na ina kelele. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha habari nikihariri na kupunguza maneno ya wenzangu, na ninachoweza kusema ni kwamba sehemu kubwa ya ufichuzi tunaousoma kila asubuhi imechaguliwa na upana wa safu. Maana huja baadaye, ikija.

Matokeo yake mnayaona. Mbunge anafichua. Msanii anafichua. Kocha anafichua kikosi atakachopanga kesho, jambo ambalo lingejulikana tu timu zikiingia uwanjani. Siku moja mezani kwangu ilifika habari ya afya yenye kichwa kinachosema daktari amefichua faida za parachichi. Nilimwuliza mwandishi, kijana mwenye bidii kweli, ni nani aliyekuwa amezificha. Akacheka, akadhani natania.

Sikuwa natania. Kiswahili kina familia kubwa ya vitenzi vya kutoa jambo lililokuwa halionekani na kuliweka mahali linapoonekana, na kamusi zetu, kwa kubanwa na nafasi kama gazeti, huviweka pamoja kana kwamba ukikosa kimoja unachukua kingine: fichua, funua, fumbua, fukua, ibua, vumbua, toboa, anika, umbua, bainisha, dhihirisha, weka wazi. Ukivitazama vizuri, karibu kila kimoja kinakumbuka kifuniko chake. Humwambii tu msomaji kwamba jambo limeonekana. Unamwambia lilikuwa chini ya nini, na mara nyingi unamwambia pia nani alaumiwe.

Ufunguo uko kwenye kile walimu wa sarufi wanachokiita kauli ya kutendua. Jina lenyewe limejieleza: tenda, tendua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Vitenzi vyenye -ika, -eka au -ia mwishoni huivua kwanza kabla ya kupinduka: bandika hutoa bandua, tandika hutoa tandua, ezeka hutoa ezua, pakia hutoa pakua. (Huyu pakua alianzia kwenye sufuria na mzigo, leo anashusha programu kutoka intaneti, na sijasikia aliyelalamika.) Kwa hiyo ukisikia kitenzi cha namna hii, kirudishe nyuma hatua moja utaona kilichotenduliwa. Ndani ya funua mna funika. Ndani ya fukua mna fukia. Ndani ya fumbua mna fumba. Ndani ya fichua mna ficha.

Na ficha si sawa na wale wengine watatu. Kufunika chungu ni jambo la heri, inzi wasiingie. Kufukia kunaweza kufanywa na mvua na mchanga bila mtu yeyote. Macho hufumba yenyewe usingizi ukija. Lakini kuficha kunataka mtu, na kunataka nia. Ndiyo maana "fichua" ni kitenzi cha mashtaka. Ukiandika kwamba ripoti imefichua upungufu wa dawa, umeshasema kwamba upungufu ulikuwepo, kwamba kuna aliyeujua, na kwamba aliufanya siri. Mambo matatu kwa neno moja, na pengine ushahidi ulio nao ni wa jambo la kwanza tu.

Kuna na balaa jingine ndani ya neno hilo. Hufichui uongo. Anayedai anaweza kuwa anadanganya, anayeeleza anaweza kuwa amekosea, ila anayefichua amekwisha kupewa cheti cha ukweli na gazeti lenyewe. "Diwani afichua wizi wa saruji" maana yake wizi upo. "Diwani adai saruji imeibwa" maana yake diwani amesema. Wanasheria wa magazeti wanaijua tofauti hiyo kwa bei yake. Nilikuwa nikibadilisha afichua kuwa adai, mwandishi ananuna, nami namwambia ninunie leo, kesho mahakamani hutaninunia.

Wakaguzi na wachunguzi wenyewe wana busara zaidi. Sikiliza taarifa za polisi au za TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa: uchunguzi "umebaini". Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ile ambayo kila mwaka hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili, imejaa "tulibaini" ukurasa hadi ukurasa. Baini ni neno la Kiarabu lililotulia. Halina kifuniko wala mfichaji, lina jambo lililojitenga na mengine likaonekana. Ripoti ikitoka mikononi mwa wakaguzi na kuingia mikononi mwetu, asubuhi yake "tulibaini" imegeuka "CAG aanika madudu". Nakiri neno madudu ni tamu. Mkaguzi kaandika kwamba malipo hayakuwa na viambatisho, sisi tumemletea msomaji wadudu wakubwa wakitambaa.

Funua ni mpole zaidi. Nyumbani kwa bibi yangu Tanga, chakula kilichoiva kilikaa chini ya kawa, lile kofia la ukili lenye rangi, na kufunua kawa kabla wakubwa hawajaketi lilikuwa kosa. Kosa hilo halikuwa kwa sababu kuna siri. Wote tulijua ni wali na samaki. Kufunua kuna wakati wake na kuna mwenye haki ya kufunua. Hisia hiyo ndiyo iliyobebwa hadi kanisani. Kitabu cha mwisho cha Biblia ya Kiswahili kinaitwa Ufunuo wa Yohana, na Mkristo aliyeonyeshwa jambo katika maombi husema Mungu amemfunulia. Hata siku moja hatasema Mungu amemfichulia. Mwenye kifuniko ni Mungu mwenyewe, na anakiondoa anapotaka. Jirani yake Mwislamu, kwa jambo lililo karibu na hilo, hutumia wahyi, na Kurani kwake imeteremshwa. Hapo hakuna kifuniko kabisa, kuna juu na chini. Barazani wanaelewana vizuri tu, kila mmoja na kitenzi chake.

Fumbua ina watoto wawili, macho na mafumbo. Watu wa pwani husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua, na wanaona raha kusema jambo likiwa limefumbwa, kwenye kanga, kwenye taarabu, kwenye salamu ya asubuhi kwa jirani waliyekosana. Lakini kitendawili hakifumbuliwi, japo siku hizi nasikia hivyo redioni. Kitendawili hutegwa. Unasema "Kitendawili!", tunaitika "Tega!", na anayejua jibu anakitegua, maana kilikuwa mtego. Asiyejua analipa mji. Ukisema umefumbua kitendawili utaeleweka, ila umeondoa mtego, na mchezo wote ulikuwa pale.

Fukua nayo hutumika mahali pake na siyo zaidi. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona mfupa umechomoza kwenye mteremko wa Bonde la Olduvai, na kilichofuata kilikuwa kufukua polepole fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.75. Lilifukiwa na majivu ya volkano na mashapo ya ziwa. Hakuna aliyelificha, kwa hiyo hakuna aliyelifichua. Siasa yetu imeichukua fukua ikaipeleka makaburini. Kiongozi akiulizwa kuhusu makosa ya waliomtangulia, atasema hataki kufukua makaburi. Sijui kama wanaousema msemo huo hujisikiliza, kwa sababu unakubali kwamba maiti yumo.

Ibua inatoka majini. Kinachoibuka ni kilichokuwa kimezama, na anayekiibua amepiga mbizi. Hili mimi ndilo nalipenda kuliko yote kwa habari za rushwa, na bahati nzuri Watanzania wamelipenda pia. Sakata la Richmond, lile la mkataba wa umeme wa dharura, lilipofika bungeni na kamati teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ikasoma taarifa yake, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008, na tangu hapo "kuibua" likawa neno la kazi ya mbunge. Mwaka 2014 likaja sakata la fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta, na David Kafulila, wakati huo mbunge wa Kigoma Kusini, hadi leo hutambulishwa kama aliyeibua sakata hilo. Ibua haimtukuzi wala haimhukumu mtu. Inasema tu kwamba kitu kilikuwa kimekaa chini na mtu mmoja kakileta juu. Kitakachoamuliwa huko juu ni shughuli ya wengine.

Tumbua ilifika mwishoni mwa 2015, mikutano ya hadhara ikiwa imejaa majipu. Kutumbua jipu ni kulipasua usaha utoke, na Rais John Magufuli alipolipeleka neno hilo kwenye utumishi wa umma lilieleweka nchi nzima siku ileile, kwa sababu kila mtu alishawahi kuwa na jipu. Ila angalieni lilivyoteleza. Mwanzoni kilichotumbuliwa kilikuwa uozo. Baada ya miezi michache aliyetumbuliwa alikuwa mtu, hata kama uozo wake haukuwahi kuonyeshwa. Leo kutumbuliwa ni kuondolewa kazini basi. Usaha umesahaulika.

Vumbua na gundua wanagombania shule. Vumbika ni kufukia kitu ndani ya majivu au vumbi, kwa hiyo kuvumbua kulikuwa kukitoa humo. Siku hizi mvumbuzi ni mtu wa mashine na hati miliki, na kugundua kumebaki kwa kilichokuwepo tayari. Gundua ilikuwa na maana ya zamani ya kumkuta mtu ghafla bila yeye kutarajia. Maana hiyo inaniponya kila ninapokutana na sentensi ya vitabu vya shule kwamba mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aligundua Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Alikuwa akisafiri kutoka pwani na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, aliyejua njia na aliyejua mlima. Rebmann aliona weupe kileleni, akauliza ni nini, akajibiwa kwamba ni baridi. Basi kama kugundua ni kushtukizwa na kitu ambacho mwenzako alishakizoea, mwalimu yuko sahihi kabisa.

Sasa tufike kwenye anika, maana hapo Kiswahili kimepinduka. Katika vitenzi kama funua, fukua na fichua, kile cha msingi hufunika na kile cha -ua hufunua. Anika ni kinyume. Anika ndiyo ya msingi, unatandaza mpunga au nguo juani, na anua ni kuvitoa juani na kuvirudisha ndani. Kuonekana ndiko mwanzo, kuficha ndiko kutendua. Na kwa kuwa kinachoanikwa hakijifichi wala hakijitetei, bali hulala pale mpaka aliyekianika aamue kukianua, hakuna kitenzi kikatili zaidi kwa binadamu. Nchini Kenya vijana wamelielewa hilo kuliko wahariri. Mtu akiwekewa mazungumzo yake ya faragha mtandaoni, picha za skrini zikisambaa kila simu, wanasema ameanikwa. Neno limekaa sawasawa. Sijasikia kokote wakisema baadaye ameanuliwa. Haiwezekani.

Kwa nini anika inauma hivyo? Kwa sababu katika utamaduni uliokilea Kiswahili cha pwani, kufunika ni wema. Sitara ni nguo na ni heshima pia. Mungu atusitiri ni dua. Mwenzako akikosea unamsitiri, na asiyeweza kumsitiri mwenzake ana tatizo kubwa zaidi ya mkosaji. Funika kombe mwanaharamu apite. Lugha yenye mawazo hayo itaviangalia kwa jicho la wasiwasi vitenzi vya kufunua, na ndivyo ilivyo. Tazama tulivyovipokea vya Kiarabu. Mzizi wa kashifu huko kwao ni kufunua tu, na masufi huita kashf ule ufunuo wa moyo unaopewa mja aliyekaribia kwa Mola wake. Ulipovuka bahari ukawa matusi: kumkashifu mtu ni kumchafulia jina, na kashfa ndiyo hii ya mawaziri. Fedheha nayo ina habari ya kuwekwa wazi ndani yake. Pwani hatukupokea kufunua bila kupokea na aibu yake.

Chetu wenyewe cha aina hiyo ni umbua. Kirudishe nyuma, utakuta umba. Mungu humuumba mtu akampa umbo, anayemuumbua analiharibu lile umbo mbele za watu. Nimetafuta kitenzi kingine cha kufunua chenye uzito huo sikukiona. Kumfichua mtu ni kuondoa alichojificha nacho, kumbe kumuumbua ni kumwondoa yeye. Wazee hukilainisha kwa methali, mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na bado baridi inapita.

Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulibaini watu 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tulibishana chumba kizima kuhusu kitenzi. Mmoja alitaka "waumbuka". Lilikuwa linatosha kwenye safu na lingeuza. Mhariri mmoja mtu mzima, mama wa Kizanzibari aliyekuwa haongei sana, akasema, "Wanangu, hao watu wana watoto shuleni." Tukaandika "wabainika". Sijui kama msomaji hata mmoja aliitambua tofauti, ila nadhani walioguswa waliitambua. Baada ya hapo kuna mzee alipiga simu, akasema binti yake yumo kwenye orodha na amekata rufaa, akauliza kwa upole, "Mwanangu, gazeti lenu linasema amebainika au limesema amefanya?" Nikamwambia limesema amebainika. Akashukuru, akakata simu.

Methali moja imekuwa ikinichekesha kwa sababu watu huisema kwa namna mbili bila kugombana. Wengine husema mficha maradhi kilio humfichua, wengine husema mficha maradhi kifo humuumbua. Ya kwanza ni ya majirani: aliyeficha amefichuliwa, kitenzi kimerudisha kile kile alichofanya, hesabu imesawazishwa. Ya pili ni kali, inamfuata marehemu na kumharibia umbo. Mimi ni wa ile ya kwanza.

Lakini sitara ikizidi inaua pia, na wahenga walijua, ndiyo wakaacha mficha uchi hazai. Ndiyo maana nawavulia kofia watu wa afya. Walihitaji kumwambia mtu mwenye virusi vya Ukimwi kwamba ni vizuri mwenzi wake ajue, na walikuwa na ghala zima la vitenzi mbele yao. Jifichue? Angetoka mbio. Jianike? Mungu apishe mbali. Wakachukua "kujiweka wazi". Kuweka ni kitendo cha mkono mtulivu, wazi ni hali isiyo na mshtaki. Mshauri nasaha anayeuliza, "Umeshajiweka wazi kwa mwenzio, dada?" ameuliza jambo zito kuliko yote bila kufungua mlango wa aibu. Wahariri tungeweza kujifunza hapo, ila "aweka wazi" ni maneno mawili na safu haina nafasi.

Mitaani mambo ni mengine na ni matamu. Tanzania umbea ni ubuyu, na ubuyu humwagwa. Kenya humwagwa mtama. Siri hutobolewa, japo kijana wa leo ukimwambia ametoboa atakushukuru, akidhani unasifia gari lake jipya. Siri ikitoka bila kujulikana nani kaitoa, imevuja. Kuna tofauti ya kisheria kati ya kuvuja na kuvujishwa ambayo wasimamizi wa mitihani wanaijua sana.

Kwa anayefichua maovu kazini kwake, waandishi wengine huandika "mpuliza kipenga", na kila nikiliona namwona refa. Halina kifuniko, halina siri, lina kaptura nyeusi na kadi ya njano. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu hao inasema watoa taarifa, neno kavu kama karani, na naliheshimu kwa ukavu wake: halimpi adui sababu ya kumchukia. Polisi nao wana lao la zamani, raia mwema. Taarifa zimetoka kwa raia mwema. Mtaani huyo huyo ni mnoko.

Na kuna mgeni ambaye miaka ya karibuni ameteka redio na mitandao yote: funguka. Msanii afunguka. Mke wa zamani afunguka mazito. Kisarufi ni kitu cha kupendeza, kwa sababu hakuna anayefunuliwa ila msemaji, kwa hiari yake, kama mlango usio na komeo. Hakishtaki wala hakithibitishi, na kinatosha kwenye safu moja. Mara nyingi aliyefunguka hajasema lolote ambalo hatukulijua wiki iliyopita, ila katika miaka yangu yote pale ofisini ndicho kitenzi cha familia hii ambacho hakikuwahi kutuletea barua ya wakili.